Wanaopimiwa Ndio Wanaolipa Zaidi

Kila bei zinapopanda, hujitokeza watu wale wale na ushauri ule ule. Bana matumizi. Andika bajeti. Nunua kwa jumla. Punguza vocha, acha soda, pika nyumbani. Ushauri huo unatolewa redioni asubuhi, ukumbini kwenye semina, na kwenye simu zetu usiku, nao unaelekezwa kwa watu waliokwisha kubana mpaka hakuna kilichobaki cha kubanwa. Mama wa Mbagala anayegawa fungu moja la dagaa kwa siku mbili hana la kufundishwa kuhusu bajeti na mtu anayejaza tangi la gari bila kutazama mita. Anachohitaji ni kuuziwa umeme, maji na moto wa kupikia kwa bei ile ile anayouziwa mtu huyo.

Hauziwi kwa bei hiyo. Hili ndilo jambo ambalo mazungumzo yetu yote kuhusu ugumu wa maisha yanalikwepa. Dar es Salaam mwenye kipato kidogo analipa zaidi ya mwenye kipato kikubwa kwa uniti ile ile ya umeme, kwa lita ile ile ya maji, kwa kilo ile ile ya mkaa. Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikuletwa na vita vya Ukraine wala dola. Imewekwa na kanuni zetu wenyewe na kimya chetu wenyewe, na inaweza kuondolewa na watu tunaowajua kwa vyeo vyao.

Tuanze na umeme, maana hapo hesabu iko wazi kuliko popote. Bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 ziliweka kundi la wateja wadogo wa majumbani, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na kuwauzia uniti moja kwa shilingi 100. Mteja wa kawaida aliye juu ya hapo akapangiwa shilingi 292. Nia ilikuwa njema na naiheshimu: anayewasha taa mbili, redio na kuchaji simu asilipe sawa na mwenye viyoyozi. Sasa ingia kwenye nyumba ya kupanga ya Manzese, Buguruni au Gongo la Mboto. Vyumba vinane, familia nane, LUKU moja. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 25 kwa mwezi, yaani theluthi tu ya kiwango cha mteja mdogo. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake, kila familia ingelipa shilingi 2,500 kabla ya VAT na makato mengine. Lakini mita ni moja, na mita haioni familia nane. Inaona uniti 200. Nyumba nzima inahesabiwa kuwa mteja wa kawaida, na kila familia inalipa 7,300 kwa umeme ule ule wa taa mbili na redio.

Tofauti ni shilingi 4,800 kila mwezi. Kwa mwaka ni 57,600, na kwa wengi wanaoishi vyumba vile hiyo inakaribia kodi ya mwezi mzima. Ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao inakwenda kwa mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake, kwa sababu tu ana mita yake. Halafu tunawaambia wapangaji wazime taa mapema.

Na ugomvi unaotokana na mita hiyo moja, nani anauhesabu? Kila anayejua nyumba za kupanga anaujua. Umeme wa kuchangia umevunja ujirani wa watu waliokuwa wakipeana chumvi. Mwenye friji anatakiwa atoe zaidi, mwenye pasi anaviziwa, anayesafiri wiki mbili anadaiwa kama aliyekuwepo, na LUKU ikikata saa tatu usiku kila mlango unajifanya umelala. Vijana wanachukiana kwa sababu ya shilingi elfu mbili ambazo hazikupaswa kulipwa na yeyote kati yao. Mwenye nyumba akiambiwa aweke mita kwa kila chumba anajibu kwamba kuunganisha mteja mmoja mjini, hata pale pasipohitaji nguzo, ni shilingi 320,960 tangu Januari 2022, wakati kijijini ni 27,000. Kwa vyumba vinane anayo sababu ya kusita. Basi TANESCO na Wizara ya Nishati wana deni la kujibu: kama lengo la bei ya shilingi 100 ni kumlinda mtumiaji mdogo, kwa nini mpangaji wa mjini amefungiwa mlango wa kuifikia? Toeni mita za vyumba kwa wapangaji kwa malipo ya polepole yanayokatwa humo humo kwenye LUKU. Mnajua kukata. Deni la umeme mnalikata kidogo kidogo, na kodi ya majengo mnaikata.

Ndiyo, kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia mita ya umeme, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba. Hati ni ya kwake, kodi ya pango anachukua yeye, na siku akiuza, pesa ni zake. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na anayekatwa ni mpangaji. Tuliambiwa wawili hao waelewane. Nani mwenye mkataba unaokwisha mwezi ujao atamgongea mwenye nyumba mlango kumdai shilingi 1,500? Serikali ilijua kwamba hatadai, ikachagua njia rahisi ya kukusanya, na mzigo ukamwangukia asiye na jengo. Ni kiasi kidogo, mtasema. Kila kinachomuumiza mtu wa kipato cha chini katika jiji hili ni kiasi kidogo kikitazamwa peke yake, na ndiyo maana hakuna anayesimama bungeni kukipinga.

Kodi ya pango ndiyo inayonikasirisha kuliko yote. Jiji zima linapokea ujira kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Fundi analipwa jioni, mama lishe anahesabu mauzo yake saa nane mchana, mlinzi anasubiri mwisho wa mwezi. Lakini mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi kabla hajakupa funguo, na wengine wanataka mwaka. Chumba cha shilingi 60,000 kinageuka 360,000, na dalali anachukua ya kwake ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Unahitaji 420,000 taslimu ili ulale ndani ya chumba cha elfu sitini. Hakuna mlinzi mwenye fedha hizo chini ya godoro. Anazipata wapi? Kwenye mchezo ikiwa zamu imemfikia, kwenye kikoba ikiwa hana deni lingine, na vyote viwili vikigoma, anakwenda kwa mkopeshaji wa kausha damu.

Humo ndimo kodi ya elfu sitini inapozaa kodi nyingine ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote. Mkopaji anaweka rehani friji, televisheni, kadi ya benki na namba yake ya siri. Marejesho ni kila siku au kila wiki, riba inapangwa na anayekopesha kwa kadiri anavyoona shida usoni pako. Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni mnamo Novemba 2024, baada ya watu kudhalilishwa kwa ndugu, majirani na waajiri wao kwa deni la elfu hamsini. Hatua hiyo ilistahili kuchukuliwa. Lakini ukifunga programu bila kugusa sababu inayompeleka mtu huko, kesho atakopa kwa mtu wa mtaa wa pili ambaye hahitaji programu. Sababu mojawapo kubwa ni kodi ya miezi sita.

Tuliwahi kuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, ya mwaka 1984. Ilikuwa na kasoro zake, wenye nyumba waliilalamikia kwa haki katika mambo fulani, na mwaka 2005 ikafutwa. Tangu hapo mpangaji ameachwa na mkataba wa karatasi moja ulioandikwa na upande wa pili. William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi alikemea hadharani tabia ya kudai kodi ya miezi sita na ya mwaka. Wapangaji walishangilia. Miaka imepita, mawaziri wamebadilishana ofisi, na kesho asubuhi dalali wa Sinza atamwambia mteja wake yale yale: miezi sita, na yangu ya mwezi mmoja. Nairobi, jiji lenye shida zake nyingi za nyumba, mpangaji wa kawaida analipa kwa mwezi na kuweka amana. Wenye nyumba wa huko hawajafilisika. Najua wa kwetu wanasema wapangaji hukimbia na madeni. Waruhusiwe kuchukua amana ya mwezi mmoja au miwili, na wawe na baraza la karibu la kusikiliza kesi hizo haraka. Hofu yao ina dawa nyingine kuliko kumfanya kila mpangaji mwaminifu awe mkopaji.

Maji nitayapitia haraka kwa sababu aibu yake inajulikana. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita ishirini. Ukinunua dumu kwa shilingi 300 kutoka kwa mwenye mkokoteni, uniti hiyo imekugharimu 15,000, na bei ya maji ya bombani kwa mteja wa nyumbani haifiki hata theluthi ya hapo. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, waliokuwa na matangi ya kuhifadhi walijaza siku ya zamu yao. Wasio na matangi walipanga foleni na madumu, na bei ya dumu ikapanda siku hadi siku mbele ya macho yao.

Jikoni ni hivyo hivyo. Anayenunua gunia la mkaa analipa kidogo kwa kila kilo kuliko anayenunua kopo asubuhi na kopo jioni. Mafuta ya kula ya kupimiwa, sukari ya robo, unga wa nusu, sabuni ya kipande: kila mara kipimo kinapopungua, faida ya kila aliyepitisha mkono inaongezeka juu ya kile kidogo kilichobaki. Muuza genge simlaumu, naye ananunua kwa bei ya kupanda na analipa ushuru wa soko. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umefika karibu kila mtaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimeona macho mekundu ya wanawake wanaopikia kuni. Lakini kugawa mitungi mbele ya kamera hakutoshi. Mtungi ukiisha tarehe 20, mwenye elfu tatu mfukoni anarudi kwenye kopo la mkaa, kwa sababu mkaa unapimwa na gesi ya mtungi haipimwi. Kampuni zinazouza gesi kwa mita ya kulipia kidogo kidogo zipo tayari nchini. Fedha za umma zikienda huko, zitamfikia yule aliyekusudiwa.

Sasa mshahara. Amri ya kima cha chini cha sekta binafsi iliyoanza Januari 2023 ilimpangia mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri shilingi 120,000 kwa mwezi. Desemba mwaka huo huo nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ikapanda kutoka 500 hadi 600. Mwanamke anayetoka Chanika kwenda kufanya kazi Mikocheni hafiki kwa gari moja. Mpe magari mawili tu kwenda na mawili kurudi, tena kwa nauli hiyo ya chini kabisa: ni 2,400 kwa siku, 62,400 kwa siku 26. Zaidi ya nusu ya mshahara wa kisheria imekwisha kabla hajanunua hata kiberiti. Na anayelala kwa mwajiri alipangiwa 60,000. Viwango vimepitiwa upya, na kuanzia Januari 2026 wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi umepandishwa kwa asilimia 33.4. Wafanyakazi wa serikali walipandishiwa kima chao kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025. Ni hatua, na waliozipigania wanastahili heshima.

Ila wewe unayesoma hapa na una dada wa kazi nyumbani kwako, nakuuliza moja kwa moja: unamlipa kiasi gani? Hakuna ofisa wa kazi atakayebisha hodi sebuleni kwako kukagua. Unajua unacholipa kwa king'amuzi, unajua unacholipa kwa intaneti, na unamjua binti aliyeamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto wako kwa shule. Malalamiko yetu ya tabaka la kati kuhusu ugumu wa maisha hayana uzito wowote ikiwa sehemu ya nafuu yetu inatoka kwenye jasho lake.

Nina neno na wanaume pia. Katika nyumba nyingi za mji huu hela ya mezani ni kiasi kile kile kilichoachwa miaka mitano iliyopita. Elfu tano ya wakati ule inaachwa leo juu ya kabati, baba anatoka, na jioni anategemea nyama. Mama anaifidia kwa njia ambazo haulizwi: anakopa gengeni, anauza vitumbua, anaruka mlo wake mchana na kusema ameshakula kwa jirani. Mwezi hadi mwezi mwili wake ndio unaolipa tofauti ya bei, halafu tunasema mke wangu anajua kubana. Kaka, kaa naye mezani leo usiku. Mwambie akuhesabie bei ya mafuta, ya unga, ya maji, mstari kwa mstari, na umsikilize mpaka mwisho bila kumuuliza pesa ya jana ilikwenda wapi.

Watakuja watakaonikumbusha kwamba mfumuko wa bei nchini ni mdogo, na ni kweli. Takwimu za NBS zinaonyesha wastani wa asilimia 3.1 kwa mwaka 2024, ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, na majirani zetu wengi wangeutamani. Sibishani na takwimu hizo. Nabishana na matumizi yake mabaya. Mfumuko mdogo unasema bei zinaongezeka taratibu. Hausemi zimeshuka, na wala haumwambii mpangaji wa Buguruni kwa nini uniti yake ni karibu mara tatu ya uniti ya mtu wa mita yake. Sukari ya mwanzoni mwa 2024 itoshe kuwa mfano. Mvua za El Niño ziliathiri viwanda, serikali ikatangaza bei elekezi, na kwenye maduka ya mitaani wengi walinunua kwa shilingi 4,000 na zaidi, juu kabisa ya bei iliyotangazwa. Bei iliyokuwa kwenye tangazo na bei iliyokuwa kwenye kaunta zilikuwa nchi mbili tofauti.

Mwenye shaka kwamba mambo haya yanabadilika akumbuke tozo za miamala ya simu. Zilianza tarehe 15 Julai 2021, muamala mmoja ukikatwa mpaka shilingi 10,000. Watu wakapiga kelele, kila mtu kwa sauti yake: mawakala, wastaafu, wanafunzi waliokuwa wakitumiwa hela ya kula na wazazi. Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata zikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta ile ya kutuma pesa. Kwa haki lazima niseme bajeti hiyo hiyo iliongeza shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, na shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, na nauli ile ya Desemba haikutoka mbali na hapo. Lakini tozo ya kutuma pesa ilifutwa. Hakuna aliyeifuta kwa kubana matumizi yake. Ilifutwa kwa sababu walioiweka waliona kwamba hawatapumzika mpaka waitoe.

Kelele kama ile wapangaji hawajaipiga, kwa sababu kila mmoja anadhani dhiki ya chumba chake ni yake peke yake, na anaogopa kufukuzwa. Mikutano ya serikali za mitaa ipo kwa mujibu wa sheria. Nendeni mkaweke LUKU ya pamoja na kodi ya miezi sita kwenye ajenda, iandikwe kwenye muhtasari kwa jina la mtaa na siyo la mtu, ipelekwe kwa diwani, kisha kwa mbunge. Wabunge wa Temeke, Ilala, Ubungo, Kinondoni, Kigamboni, Segerea na Mbagala wanakwenda Dodoma kila mwaka kujadili Bajeti ya Serikali. Nataka kumsikia mmoja wao akisimama na kumuuliza Waziri wa Ardhi ni lini muswada wa kodi ya mwezi kwa mwezi utasomwa, na kumuuliza Waziri wa Nishati mita ya kila mpangaji itafungwa lini, kwa shilingi ngapi, kuanzia mtaa upi.